Soya Njano ya Laela

Wapendwa wa kikundi cha Boko, tangu nirudi sijafungua duka hata siku moja bila mtu kuinama dirishani na kuniuliza, "Mama Elia, kulikoni huko?" Safari nimeshaisimulia vipande vipande. Huyu nimempa mwanzo, yule nimempa mwisho, na sasa nasikia kuna habari inazunguka kwamba nililogwa Sumbawanga. Sikulogwa, na Sumbawanga yenyewe sikufika. Naandika yote hapa mara moja ili anayetaka kunicheka anicheke kwa jambo la kweli.

Kwa mgeni wa kikundi: mimi nauza chakula cha kuku kando ya barabara ya Bagamoyo, ukuta mmoja na duka la nafaka la Ami Salim. Wengi wenu ni wateja wangu, au mlikuwa. Mnakumbuka soya ilivyoadimika. Marekani na China walianza kuwekeana ushuru, huyu akipandisha na yule anapandisha, mpaka China ikaacha kununua soya ya Marekani na kuanza kuitafuta kila pembe ya dunia, ikafika na kwetu. Bila soya kuku hakui wala hatagi. Soya ikawa inapita Dar moja kwa moja kwenda bandarini, na wafugaji wangu wakawa wanauza mabanda mmoja baada ya mwingine. Nilikaa dukani nikihesabu mabanda yaliyofungwa mtaani, nikapata hasira.

Nikasema, kama soya yote inapita, basi na ipite mikononi mwangu. Nikaenda Gongo la Mboto kwenye ghala la mnunuzi mmoja Mchina, Bwana Cheni, tukazungumza kupitia mkalimani wake, binti wa Temeke anayeitwa Rehema, aliyesoma hukohuko China. Tukakubaliana nimletee lori moja limejaa kabla meli yake haijaondoka. Nikiweza, nitakuwa mletaji wake wa kudumu. Nisipoweza, nilijiapia mwenyewe, nafunga duka na kurudi Same kulima tangawizi.

Mteja wangu mmoja alinipa namba ya Bwana Sichone, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima nje kidogo ya Laela. Nilimpigia, nikamwambia nataka soya. Akaniuliza, "Njano au kijivu?" Sikujua kama kuna soya ya kijivu, lakini sikutaka aone siujui mzigo wangu. Nikamwambia asubiri. Nikampigia Rehema, "Muulize bosi, njano au kijivu?" Nikamsikia anauliza, nikamsikia Bwana Cheni anacheka, kisha Rehema akasema, "Njano, mama. Kasema njano tu." Nikamjibu Sichone, njano. Yakaisha. Kumbukeni simu hizo mbili, maana kila kilichofuata kilitoka humo.

Boko hadi Mbezi

Siku ya kuondoka nilipita dukani alfajiri kuangalia kufuli. Ami Salim alikuwa ametoka msikitini, anafungua milango yake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, Mama Elia. Ndo unaondoka?"

"Ndiyo, nafuata soya Laela."

Uso wake ukachangamka. "Soya ya Laela! Basi na mie uniletee debe moja. Ile ukiitia nazi, ukala na wali wa moto, wallahi unasahau samaki."

Nilicheka kwa heshima. Moyoni nilisikitika. Nilidhani uzee umeanza kumpitia mzee wa watu, mpaka anataka kula chakula cha kuku kwa nazi. Nikamwahidi debe, nikapanda bajaji.

Mbezi hadi Makambako

Basi lilitoka stendi kwa wakati, na hilo ndilo jambo la mwisho lililokwenda kwa wakati katika safari hii.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, Mwalimu Kaduma, anarudi kwake Makambako baada ya kumuuguza binti yake Kinondoni. Alikuwa na kikapu cha mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, na kila yai alilomenya alinipa nusu. Tulipofika Kitonga tukakuta lori la mabomba limelala kwenye kona, limeziba barabara nzima. Tukashuka. Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Watu wa Ilula, mji wa nyanya, waliokuwa ndani ya basi walianza kuuziana nyanya wao kwa wao, kwa mazoea tu nadhani.

Mwalimu aliniuliza naenda kufuata nini, nikamweleza yote, ushuru na China na meli. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote.

"Kwa hiyo, mdogo wangu," akasema, "riziki yako iko kwenye ugomvi wa watu wawili usiowajua."

"Ni riziki ya halali, mwalimu."

"Sijasema haramu. Nauliza tu, siku wakipatana?"

Nikamwambia hao hawapatani leo wala kesho. Hakubishana. Alimenya yai jingine akanipa nusu. Swali lake lilinikera. Tulifika Makambako giza limeingia, akanikatalia katakata kwenda gesti, nikalala kwake chini ya mablanketi matatu na bado nilitetemeka.

Makambako hadi Tunduma

Asubuhi Mwalimu alinipa sweta la marehemu mumewe. Nilikataa mara mbili, mara ya tatu nikalivaa. Lilinifika magotini. Nililivaa mpaka siku niliyorudi Dar, na ndilo lile mliloniona nalo, si vazi la uganga.

Tunduma ni mji wa kusubiri. Malori yamejipanga kilomita na kilomita, mengine yanaingia Zambia, mengine yanatoka, na magari ya Laela na Sumbawanga yanajipenyeza katikati yakipata upenyo. Siku hiyo hapakuwa na upenyo. Niliambiwa hakuna gari mpaka kesho yake asubuhi.

Nilikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza vitu vya kutafuna. Aliniuzia kipande cha kitu cha rangi ya kahawia, kimekatwa mviringo kama soseji, akasema kinaitwa chikanda. Nilikula nikasifu, nikamwambia nyama yake imekolea viungo. Mama akacheka mpaka akafunika uso kwa kanga.

"Hiyo si nyama, dada. Ni mizizi ya porini, imepondwa na karanga. Kila mtu wa Dar ananiambia hivyohivyo."

Nilijicheka na mimi. Nilijiona mjanja kwa kuwa kilichonidanganya safari nzima ni chikanda peke yake.

Pembeni yetu alikaa dereva mmoja, lori lake limejaa unga wa mahindi. Alikuwa na siku nane pale. Alifua nguo zake akazianika kwenye kioo cha mbele.

"Nilipoondoka Iringa mpaka ulikuwa wazi," akaniambia. "Nafika hapa naambiwa unga wa nje hauingii tena Zambia, wanalinda wasagaji wao. Sawa, walinde. Ila mimi wa kunilinda nani? Unga huu nao una siku zake."

Nilimuuliza atafanya nini. Akasema atasubiri siku mbili tena, wasipofungua atageuza. Aliyasema bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Mtu akishazoea hivyo, nilijiambia, amekwisha. Nilijiapia kwamba mimi sitakaa kwenye foleni ya mtu kusubiri akubali kunihitaji. Shikeni hilo, nitalirudia.

Tunduma hadi Laela

Kipande hiki kilikuwa kifupi na kizuri. Barabara ya lami, mashamba yamevunwa, baridi ya kupendeza, na dereva aliyesimama mara tatu kusalimia ndugu zake. Bwana Sichone alinipokea Laela na pikipiki, mtu mrefu, mpole, suruali imepigwa pasi. Tukafika kwake kijijini saa saba mchana.

Ghala la kikundi lilikuwa mbele ya nyumba, magunia yamepangwa mpaka kwenye dari, yameshonwa midomo. Nilitaka yafunguliwe palepale. Akasema, "Mama, mgeni kwanza anakula." Sikutaka kuonekana sina adabu, nikanawa mikono.

Mkewe, Mama Zawadi, alileta ugali, mboga za maboga, na bakuli kubwa la maharage. Nimekula maharage maisha yangu yote, lakini yale yalikuwa kitu kingine. Mchuzi mzito, ganda laini, tena hayakuwa na nazi wala mafuta ya maana. Nilikula nikaongezwa.

"Mama Zawadi," nikasema, "haya maharage yenu yanaitwaje? Ya kwetu Dar hayafikii."

Akamtazama mumewe. Mumewe akanitazama mimi, akitabasamu kama mtu anayepokea sifa.

"Si ndiyo soya yako, mama. Nilimwambia achote kwenye mzigo wako, uionje kabla hatujapakia."

Tonge lilikuwa mkononi. Nililirudisha kwenye sahani.

Laela, bila kwenda popote

Tulifungua gunia la kwanza, la pili, la kumi. Maharage. Mazuri, ya njano, yamechambuliwa punje kwa punje, hakuna jiwe wala lililotobolewa. Kwa watu wa kule, kama hamjui na mimi nilikuwa sijui, soya ni jina la aina ya maharage ya kupika. Kuna soya njano na kuna soya kijivu. Ile punje ndogo ya mviringo tunayosagia kuku na uji wa watoto, wao wanaiita soya ya mafuta, na pale kijijini hakuna anayeilima.

Nilimpigia Rehema nikiwa nimesimama nyuma ya ghala, sauti imepanda. Akanisikiliza, kisha akasema polepole, "Mama, sasa nimeelewa ishu ilipotokea. Kichina soya jina lake ni maharage ya njano. Yaani ndo inavyoitwa, maharage ya njano. We uliponiuliza njano au kijivu, mie nikamuuliza bosi, bosi akacheka, akasema kwani kuna soya isiyokuwa ya njano?"

"Na wewe hukushangaa?"

"Mie nilijua nyie wafanyabiashara mna lugha zenu. We je, hukushangaa?"

Watu watatu tulikuwa tumekubaliana kwa neno moja, kila mtu na punje yake kichwani. Nikamwomba amuulize bosi kama atachukua maharage. Alirudi baada ya dakika moja. Bosi anasikitika, meli ni ya soya ya kukamua, maharage ya kula hayamhusu.

Nilirudi kwa Sichone nikiwa na hasira ya kumtafuta wa kumlaumu. Nilimwambia amenipoteza.

Hakupandisha sauti. "Mama, uliniambia soya. Nikakuuliza njano au kijivu. Ukaenda kuuliza, ukarudi, ukasema njano. Kosa langu liko wapi hapo?"

Hapakuwa na kosa lake. Nilikaa kwenye kigoda. Akina mama wawili walikuwa wamekaa mlangoni mwa ghala na ungo magotini, bado wanachambua mabaki, na walikuwa wameacha mikono hewani kunisikiliza.

"Hawa na wenzao wamechambua wiki tatu," Sichone akasema. "Kulikuwa na mnunuzi wa Mbeya, nilimkatalia kwa sababu yako. Ukiyaacha, nitatafuta mwingine, hatutakufa. Ila siku nyingine nikisema kuna mtu wa Dar anakuja, hakuna atakayenisikiliza. Na mimi mwenyewe sitajisikiliza."

Usingizi sikuupata, hilo nawaambia wazi. Nililia kidogo kwenye sweta la yule mwalimu. Nilimkumbuka dereva wa unga na nguo zake kwenye kioo. Nikafikiria kukimbilia Songea kutafuta soya ya mafuta, nikapiga mahesabu ya siku, hazikutosha. Kulipopambazuka nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimesema nitanunua soya njano, basi nitanunua soya njano. Kama neno langu lilikuwa na maana mbili, zote mbili ni zangu.

Nikampigia Ami Salim kabla hajafungua duka, nikamweleza. Upande wa pili nikasikia kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho.

"Mama Elia, kwani we ulikuwa hujui? Mie siku ile nakwambia uitie nazi, ulidhani nasema nini?"

"Nilidhani unataka kula chakula cha kuku, Ami."

Akacheka tena mpaka akakohoa. Alipopata pumzi, sauti yake ikabadilika ikawa ya kazi. "Sikiliza. Soya njano Tandale inagombewa. Yapakie yote, usiache hata kisado. Mie nawapigia wenzangu sokoni sasa hivi. Na debe langu usisahau."

Tulipakia siku nzima. Mama Zawadi alinifungashia maharage ya njiani kwenye ndoo ndogo, akasema, "Ili usimkasirikie tena Baba Zawadi."

Laela hadi Tandale

Lori lilikuwa la Mzee Kibwana wa Temeke, ambaye ameendesha barabara hiyo miaka mingi na ana maoni juu ya kila kona yake. Alipousikia mkasa wangu aliniita Mama Soya, na mpaka leo akinipigia simu ananiita hivyo.

Kwenye kizuizi kimoja cha ukaguzi, sitasema kipi, tulisimamishwa. Karatasi ya ushuru tuliyopewa kule iliandikwa "soya". Kijana wa kizuizini alichungulia gunia, akachungulia karatasi, akachungulia gunia.

"Mama, haya ni maharage."

"Ndiyo, ni soya."

"Karatasi inasema soya. Mzigo ni maharage. Rudini mlikotoka mkabadilishe."

Jamani, nilijitetea! Mimi, niliyepiga kelele nyuma ya ghala kwamba maharage si soya, nilisimama juani nusu siku nikimwapia yule kijana kwamba maharage ndiyo soya. Mzee Kibwana alikaa kivulini akila ndoo yangu. Mwishowe akapita mama anayeuza chakula pale kizuizini, mwenyeji wa Mbozi, akachungulia gunia akasema, "We mtoto, hii si soya njano hii? Ninayokupikia kila Jumatano?" Kijana akamtazama. "Kumbe ndiyo hii?" Akagonga muhuri.

Tangu Makambako nilikuwa nampigia Rehema. Nilitaka kumwomba bosi wake siku ya kuja kuzungumza naye uso kwa uso, maana nilimpa ahadi na sikuitimiza, na jambo la namna hiyo sipendi kulimaliza kwa simu. Simu ya Rehema haikupatikana. Siku ya pili pia haikupatikana. Nikajua amenikasirikia.

Tulifika Tandale asubuhi. Ami Salim alikuwa ameshafika, kanzu nyeupe katikati ya vumbi la nafaka, na wenzake wanne. Alichota kiganja kimoja, akayamwaga kwenye kiganja kingine, akawatazama wenzake, wakaanza kushusha. Lori lilikuwa tupu kabla ya adhuhuri.

Tandale hadi Gongo la Mboto

Sikwenda kuoga. Nilichukua bodaboda na sweta langu la magotini nikaenda kumtafuta Bwana Cheni.

Nilipokaribia ghala niliona malori. Nilihesabu saba, mengine yako nyuma ya kona. Madereva wamelala chini ya turubai, na kwenye kioo cha lori la kwanza kulikuwa na shati na soksi zimeanikwa. Nilizitazama zile soksi, nikamkumbuka dereva wa unga wa Tunduma.

Geti lilikuwa limefungwa. Rehema alikuwa amekaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu.

"Shikamoo, mama. Simu niliizima. Kila mtu ananitukana mie."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Wamepatana, mama. Wakubwa wamepatana. Marekani na China wamekaa mezani, wamekubaliana, soya itanunuliwa kulekule ilikokuwaga inanunuliwa. Bosi kapigiwa simu na wakubwa wake, asipokee hata gunia. Mwenyewe kaondoka juzi. Nimeachiwa geti."

Nilifikiri juu ya Mwalimu Kaduma na nusu yai lake. Kama Sichone angenielewa, kama nisingesema njano, kama neno soya lingekuwa na maana moja tu nchi nzima, lori la nane kwenye foleni ile lingekuwa langu, na duka la Boko lingekuwa limeshakufa. Nilishukuru Mungu, na papo hapo nikaona aibu kushukuru mbele ya wale watu.

Mwenye lori la kwanza, la soksi, alikuwa Bwana Komba kutoka Songea. Mtu mzima, kofia mkononi. Alikuwa na siku tano. Alinifungulia gunia bila mimi kuomba, nadhani alikuwa akimfungulia kila anayepita.

Soya. Ile yenyewe, ya mviringo, kavu, inalia ukiitikisa.

"Hii nimeipeleka kila mahali, dada," akasema. "Hapa Dar hakuna anayenisikiliza. Wenye mashine za mafuta wamejua tuna shida, wananitajia bei ya kunidhihaki."

Nitawaambia ukweli kuhusu dakika ile. Nilikuwa na fedha ya maharage, na mbele yangu kulikuwa na mtu aliyechoka. Ningeweza kumtajia bei ya dhihaka na mimi, na angekubali. Biashara ni biashara, sauti moja iliniambia. Lakini nilizitazama soksi zake kwenye kioo. Nilijua ni yangu, foleni ile. Nilikosa kukaa humo kwa kosa la neno tu.

Nikamtajia bei niliyokuwa nainunulia soya zamani, kabla ya wakubwa kununiana. Akadhani hakusikia vizuri. Nikairudia.

"Unaipeleka wapi?" akauliza.

"Boko. Kwa kuku."

Bwana Komba alivaa kofia yake, akaivua tena, akacheka kwa mara ya kwanza. "Nimeitoa Songea iende China," akasema, "kumbe ilikuwa inaenda kwa kuku." Akaenda kuanua soksi.

Gongo la Mboto hadi Boko

Mmeliona lori lenyewe, sina haja ya kulieleza. Wengi wenu mlikuja na ndoo kabla sijapiga simu. Mama Juma amefungua banda lake tena, na Shemeji Peter ameagiza vifaranga. Rehema nimemchukua, anakuja siku tatu kwa wiki kuniandikia mizigo, na kazi yake ya kwanza ni kumuuliza kila anayepiga simu anamaanisha punje ipi. Bwana Komba ameniletea na wenzake wawili wa ile foleni. Bwana Sichone ananiletea maharage kila mavuno, yanashuka kwa Ami Salim. Malori yote mawili yanasimama ukuta mmoja.

Jambo moja sijamwambia mtu. Jioni ile niliyorudi, nilipompelekea Ami debe lake, niliingia dukani kwake mpaka ndani, kitu ambacho sikumbuki nilikifanya lini mara ya mwisho. Mimi husimama nje tu na kusema, "Ami, nipimie yale ya siku zote." Nikaliona beseni analonichotea kila wiki. Kuna kipande cha boksi kimechomekwa kwenye maharage, maandishi ya kalamu ya bluu, yamefifia. SOYA NJANO.

"Ami, hiki kibao kina muda gani hapa?"

"Tangu hujahamia," akasema, na hakucheka, nadhani alinihurumia.

Wiki iliyopita Rehema alipokea simu, akaniangalia huku ameziba kipaza sauti kwa kiganja. Bwana Cheni amerudi. Wakubwa wamenuniana upya, meli inakuja, anataka soya haraka, lori lolote, njano. Anauliza kama ninayo.

Stoo ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Nilikuwa na kisado mkononi, nampimia Mama Juma.

"Mwambie ninayo," nikasema. "Na mwambie apange foleni, nyuma ya kuku wa Boko."

Rehema alitafsiri. Bwana Cheni akauliza, foleni hiyo ni ndefu kiasi gani. Nikamaliza kumpimia Mama Juma, nikamwita anayefuata.